Nguzo Anunua Stendi

Mwanamume aliyejigamba miaka kumi na tisa kwamba hahitaji stendi ya kamera, akianza kusoma habari za stendi chooni, mkewe ana haki ya kuingiwa na shaka. Mama Studio aliingiwa nayo Jumatatu asubuhi, alipokuwa akifagia, akakuta vitabu viwili vya matangazo vimefichwa nyuma ya ndoo. Si barua, si picha ya mwanamke, si risiti ya baa. Tripodi. Kurasa kwa kurasa za tripodi, zimepigwa picha kwa taa nzuri utadhani ndizo zinazoolewa.

Aliigeuza ndoo, akakaa juu yake, akasoma. Kitabu kimoja kilikuwa cha kampuni iitwayo Torvesi: miguu myeusi, myembamba, myepesi kiasi cha mtu kuibeba kwa kidole. Cha pili kilikuwa cha Brenholt: miguu minene, vibano vya chuma, mpini mrefu ubavuni. Mtu alikuwa amepigia bei mistari kwa kalamu nyekundu, na mistari yenyewe imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Kila moja iliuzwa kwa bei ya pikipiki mpya. Nyuma ya kitabu cha Brenholt paliandikwa namba ya simu na maneno matatu: Dada, Ijumaa, saa nne.

"Dada," alisema Mama Studio peke yake. "Dada wa nani huyo?"

Mumewe watu walimwita Nguzo. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa aliweza kusimama juu ya kiti katikati ya ukumbi, wachezaji wanamgonga huku na huku, na picha ikatoka imetulia tuli. Wapiga picha wenzake wakifungua stendi zao alikuwa akiwacheka. "Mwenye miguu miwili mizima," alikuwa akisema, "anatafuta nini kwa mwenye mitatu?" Sasa yeye mwenyewe alikuwa akiitafuta mitatu, tena kwa siri, tena chooni.

Mchana, studio ilipotulia, mkewe alimpelekea chai pale mbele, kwenye kiti cha wateja, chini ya kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe.

"Baba watoto, tunanunua tripodi?"

"Nani kasema?"

"Choo kimesema."

Nguzo alicheka kidogo, akashika kikombe kwa mkono wa kushoto. "Wateja wa siku hizi wanaangalia vifaa. Ukienda mikono mitupu wanakuona mpiga picha wa vitambulisho."

"Miaka yote hiyo hawakuangalia?"

"Walikuwa hawajaerevuka."

"Na Dada?"

"Dada yupi?"

"Wa Ijumaa."

"Ah. Muuza duka huyo."

"Muuza duka hana jina?"

"Sikumuuliza jina, mke wangu. Nilimuuliza bei."

Jibu lilikuwa zuri mno, na hilo ndilo lililomkera. Mama Studio alijua mtu mkweli hujikanyaga, husahau, hurudia. Anayekujibu kama aliyefanya mazoezi, basi amefanya mazoezi. Alichukua kikombe, akaona chai imebaki nusu, kama ilivyobaki jana na juzi. Zamani mtu huyu alikuwa akinywa mpaka majani.

Tuseme ukweli sisi, maana wao hawakuwa tayari kuambiana.

Mkono wa kulia wa Nguzo ulikuwa unatetemeka. Ulianza mwaka uliopita na kidole kimoja, kikafuata cha pili, na sasa ulikuwa mkono mzima, hasa akiwa anautazama. Alikwenda kwa daktari peke yake, akaambiwa dawa zitapunguza kasi lakini maradhi yenyewe hayaondoki. Vidonge alivificha ndani ya kopo la filamu za zamani, mahali ambapo hakuna aliyetia mkono tangu kamera za filamu zilipokufa. Chai aliiacha nusu, asije akaimwaga mbele ya mkewe. Mkono wenyewe aliutia mfukoni, na watu wakaona ni maringo ya mtu aliyefanikiwa.

Kilichomhangaisha ni mahafali ya chuo, Jumamosi ya wiki inayokuja. Wahitimu mia nne. Kila mmoja anapanda jukwaani, anapeana mkono na mkuu wa chuo, sekunde moja, anashuka upande wa pili. Ukimkosa umemkosa, huwezi kumrudisha mtu jukwaani ahitimu tena. Kazi hiyo ilikuwa yake kwa miaka tisa. Ikiharibika, habari itafika mjini kabla yake, na mpiga picha anayetetemeka mkono, nani atamwita harusini? Kwa hiyo alitaka stendi, tena isiwe ya kubahatisha. Alitaka itakayoubeba mkono wake bila kuutangaza.

Mkewe naye alikuwa na lake. Katika nyumba ile kazi ziligawanywa tangu mwanzo: Nguzo anapiga, Mama Studio anachagua. Picha zikiingia kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, mume hashughuliki nazo tena. Basi tangu mwezi wa nne Mama Studio alikuwa akiona picha za mumewe zinatoka na ukungu. Mwanzo moja moja, baadaye nusu, mwishowe karibu zote: pete zimekuwa mbili mbili, macho yamekuwa manne. Kwenye kioo kidogo cha kamera havikuonekana vitu hivyo, hasa kwa mtu asiyetaka kununua miwani.

Hakufikiria ugonjwa hata mara moja. Alikumbuka mwaka wa uchumba wao, picha za Nguzo zilipotikisika wiki nzima, na alipomuuliza akajibu, "Nilikuwa nakuwaza wewe." Maneno hayo aliyatunza moyoni miaka yote. Sasa yakamgeukia. Picha zimeanza kutikisika tena. Je, safari hii anamuwaza nani?

Akazifuta. Hakutaka jina la studio lichafuke kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Mahali pake akaweka picha za Twiga, mdogo wake Nguzo, mtu mrefu mwenye mke na watoto wawili, anayesimama pembeni ya ukumbi na kamera ya pili.

"Siku kaka akijua, shemeji?" Twiga alimuuliza.

"Hatajua. Wewe piga tu."

"Mimi siipendi hii."

"Nani anaipenda? Piga."

Nguzo aliwaona wakinong'ona. Aliingia chumba cha nyuma mara mbili, na mara zote mbili wakanyamaza ghafla, Twiga akaanza kusifia hali ya hewa. Mara ya tatu alisimama nyuma ya mlango na kumsikia mkewe akisema, "Siku ya mahafali usimtegemee, piga wewe kila mtu." Kikulacho ki nguoni mwako, Nguzo alijiambia. Aliamini wameona mkono, na wanakula njama ya kumpa Twiga kazi yake yeye akiwa hai. Akazidi kuutia mkono mfukoni.

Alhamisi alasiri alikuja mama wa bibi harusi wa mwezi uliopita kuchukua albamu. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, wa kusifia mpaka majirani wasikie.

"Nguzo, Mungu akuweke! Ile picha mliyonitumia kwenye simu, mwanangu anacheka, machozi yanamtoka, nimeilalia kifuani usiku kucha!"

"Ni kazi tu, mama."

"Si kazi! Ulimwonaje? Hata mimi niliyemzaa sikumwona."

Nguzo alitabasamu kwa haya. Picha yenyewe hakukumbuka kuipiga, ila harusi zina mambo mengi. Nyuma yake Twiga alikuwa anafuta lenzi iliyokwisha kuwa safi. Mama Studio alikuwa anafunga albamu kwenye karatasi, anaifunga mara ya pili, na wala hakuinua uso.

Mama yule alipoondoka, Nguzo alimwambia mdogo wake, "Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Basi wanaodhani nimechoka, wasikie na wao."

Alisema hivyo akimtazama mkewe. Jioni hiyo alichukua picha za harusi ile zilizokwisha kuchaguliwa, akazitia kwenye flashi ya kompyuta, akaiweka mfuko wa shati. Mama Studio aliona, wala hakuuliza. Alikuwa na mpango wake wa Ijumaa.

Duka la vifaa lilikuwa ghorofa ya pili, na askari wa mlangoni aliyevaa kizibao chenye namba kubwa kifuani alikagua mikoba ya watu wanaoingia badala ya wanaotoka. Mama Studio alimburuta Twiga mpaka pale saa nne na dakika kumi.

"Shemeji, tukimkuta anaangalia stendi tu?"

"Tutamsaidia kuangalia."

"Na tukimkuta vingine?"

"Ndiyo maana nimekuja na shahidi."

Wakapita makabati ya lenzi, wakakunja kona, na hapo Mama Studio akakiona alichokuja kukitafuta. Mumewe amesimama na mwanamke kijana mwenye sare ya duka, na mwanamke huyo amemshika mkono. Ameushika kwa mikono yake yote miwili, taratibu, kama anayeshika kifaranga.

"Endeleeni," alisema Mama Studio. "Msijali, sisi ni wateja."

Nguzo aligeuka, uso ukamshuka. Dada muuzaji hakushtuka hata kidogo, na kutoshtuka kwake ndiko kulikomtatiza Mama Studio.

"Karibu, mama. Namwonyesha kaka hapa namna ya kufunga mguu kwa kiganja. Hii Torvesi ni ya kuzungusha, inataka vidole. Brenholt ina vibano, unabana kwa kiganja, imekwisha. Kwa hali ya mkono wake naona kiganja ni bora."

"Hali gani ya mkono?"

Dada aliuachia ule mkono ili aeleze, na hakukuwa tena na haja ya maelezo. Mkono ulibaki hewani, unatetemeka peke yake mbele ya watu wanne, mpaka Nguzo alipoushika kwa mwenzake. Mama Studio aliutazama. Chai ya nusu kikombe, mistari iliyopinda, mfuko wa suruali, ukungu wa miezi mitano, vyote vilimjia kwa mkupuo mmoja, akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Miezi yote hiyo alikuwa akimwonea wivu mwanamke asiyekuwepo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka jana."

"Daktari?"

"Nimekwenda."

"Peke yako?"

Nguzo aliutia mkono mfukoni. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyekutwa hajavaa. "Sasa mmeona. Furahini. Mlikuwa mnanong'ona mnaona sijui. Mnataka kumpa Twiga mahafali, sivyo? Haya. Mkono unatikisika, nakubali. Lakini picha zangu hazitikisiki! Dada, ile flashi yangu bado iko kwenye kompyuta?"

"Ipo, kaka. Nilikuwa sijaifungua."

"Fungua waone."

"Baba watoto," mkewe alisema, "twende nyumbani."

"Fungua, dada."

Skrini ya duka ilikuwa kubwa kama mlango. Bibi harusi akatokea juu yake, anacheka, machozi yanamtoka, kila kope inahesabika. Askari wa mlangoni alisogea kutazama. Nguzo alinyoosha kidole chake, kinatetemeka mbele ya picha isiyotetemeka.

"Hiyo nimeipiga mwezi uliopita. Kwa mkono huu."

Dada muuzaji alikuwa mwaminifu wa kazi yake, na waaminifu wa kazi wakati mwingine huua watu bila kukusudia. Alibonyeza pembeni, pakafunguka maandishi madogo ambayo kila kamera huyaandika yenyewe ndani ya picha. "Nzuri sana. Lakini kaka, uliniambia kamera yako ni hiyo uliyoivaa shingoni. Hii imepigwa na kamera nyingine."

"Haiwezekani. Angalia ya pili."

Aliangalia ya pili. Akaangalia ya kumi. Nguzo alitaja namba, ishirini, hamsini, ile ya keki, ile ya wazee, na kila mara maandishi yalikuwa yale yale. Ilikuwa aina ya kamera ya Twiga. Kwanza alimgeukia mdogo wake kwa macho ya mtu aliyeibiwa, na Twiga akainamisha kichwa, urefu wote ule ukakosa pa kujificha. Kisha akakumbuka kwamba Twiga hana ufunguo wa chumba cha nyuma; mwenye nao ni mkewe.

"Zangu ziko wapi?" alimuuliza mkewe.

"Nilizifuta."

"Ngapi?"

Mama Studio alitamani kusema chache. "Zote," alisema. "Tangu mwezi wa nne, karibu zote."

"Na watu wanaonisifu mjini?"

"Wanamsifu Twiga. Hawajui."

"Mama wa jana?"

"Hajui."

Nguzo alikaa kwenye boksi la taa lililokuwa karibu. Dada muuzaji alijitia kupanga mikanda ya kamera. Ugonjwa alikuwa ameuzoea, na kwa aibu ya mkono alikuwa amejiandaa. Hakujiandaa kusikia kwamba amesimama juu ya viti miezi mitano, ametoka jasho, amerudi nyumbani akajinyoosha kitandani kama mtu aliyefanya kazi, na hakuna kazi iliyofanyika. Iliuma, tena iliuma kuliko neno la daktari.

"Ungeniambia," alisema.

"Na wewe ungeniambia."

"Mimi nilificha mkono. Wewe umenificha mimi."

Ilikuwa kweli. Twiga ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "Kaka, mahafali ni ya kwako. Mimi sijaitaka. Jaribu stendi hapa hapa tuone. Ikikubali, nitasimama pembeni kama siku zote."

Wakajaribu. Dada muuzaji alifunga kamera ya Nguzo juu ya Torvesi. Ilipendwa na mabingwa wote, alisema, na kweli ilikuwa nzuri kuitazama. Yeye mwenyewe akajifanya mhitimu, askari akawa mkuu wa chuo, akakaza shingo na kutoa mkono kwa heshima iliyochekesha wateja wa kabati la pili. Waya wa kubonyezea kwa mbali Nguzo aliukataa. Anayewafuata watu wanaotembea lazima mkono wake ukae kwenye stendi, na kama mkono utamshinda, bora umshinde dukani.

Dada akapita, wakapeana mikono, Nguzo akabonyeza. Picha ikaletwa kwenye skrini. Mama Studio akasogea kama alivyosogea kwa miaka kumi na tisa, akaikuza mpaka kwenye kizibao cha askari. Namba za kifuani zilikuwa na kivuli. Kidogo tu, lakini kilikuwepo. Mguu ule mwepesi ulikuwa umepokea mtetemo wa mkono na kuupeleka moja kwa moja kwenye kamera.

"Safi," alisema.

Ulimi ulimtangulia. Ulikuwa umezoea. Alikuwa amemwona ameketi kwenye boksi, amemwona amevunjika, na neno likatoka lenyewe kama kumpa maji mtu aliyekohoa.

Nguzo alimtazama, kisha akamtazama dada. "Kama kioo," alisema dada, naye alikuwa na stendi ya kuuza. Ndipo Nguzo akamgeukia yule aliyemshuku kuliko wote.

"Twiga?"

Twiga alimtazama shemeji yake, akaangalia sakafu, akaangalia skrini. "Imecheza, kaka."

Mama Studio alihisi uso unawaka.

"Fungeni ile nyingine," alisema Nguzo.

Brenholt ilibebwa na askari, akiguna. Nguzo alifunga vibano mwenyewe kwa kiganja, ta, ta, ta, akashika mpini kwa ngumi nzima, akaegemea juu yake kwa uzito wake wote. Stendi haikusogea. Dada alipita mara tano. Mara tano askari alitoa mkono, na mara ya tano alikuwa amechoka kuwa mkuu wa chuo.

Picha zikaja. Mama Studio alizikuza moja moja, polepole, akitafuta kivuli na kuogopa kukiona. Namba zilisimama, na uzi wa kushonea kizibao ulihesabika. Mumewe angepiga mahafali, wahitimu wote mia nne, kwa mkono ule ule.

"Safi," alisema. "Haki ya Mungu, mume wangu, hizi ni safi. Zote tano."

Nguzo hakumtazama. Alikuwa anamsubiri Twiga. Alimsubiri mpaka mdogo wake alipoinama, akazipitia zote tano upya, ya kwanza hadi ya mwisho, na mkewe amesimama pale pale mkono juu ya kipanya, jibu lake liko hewani halijapokelewa na mtu.

"Safi, kaka," alisema Twiga.

"Nifungie hii," Nguzo akamwambia dada, akatoa pesa.

Walishuka ngazi polepole, Twiga mbele na boksi begani, mume na mke nyuma. Kwenye ngazi ya chini Nguzo alisimama kupumua. Mama Studio akaushika ule mkono, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na yeye hakuuondoa. Ulitetemeka ndani ya mkono wake.

"Kuanzia leo," Nguzo alisema, "picha yangu yoyote, iwe nzuri, iwe mbaya, haifutwi kabla sijaiona."

"Sawa."

"Utakuwa unanionyesha wewe mwenyewe."

"Nitakuonyesha. Kila jioni."

Alifikiri kidogo, akimtazama mdogo wake anayevuka barabara na boksi.

"Na Twiga awepo," alisema.